Daftari moja latosha: shajara ya kazi na saa za miradi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa ufuatiliaji na tathmini katika shirika moja lisilo la kiserikali hapa Mwanza. Mshahara wangu unalipwa na miradi mitatu: maji, lishe ya watoto, na vikundi vya kuweka na kukopa. Kwa miaka minne nimekuwa na kaunta buku ninamoandika kazi za kila siku kwa maneno yangu, bila utaratibu wowote, na limeniokoa mara nyingi. Sasa meneja fedha anataka taimshiti inayoonyesha saa za kila mradi, na bosi wangu ameongeza kwamba anataka kujua kila kazi inachukua muda gani. Nilijaribu programu ya kupima muda kwenye simu: ama nasahau kuiwasha, ama naiwasha halafu inakimbia mpaka usiku. Nikajaribu kugawa daftari kwa kazi, kila kazi na kurasa zake. Baada ya wiki mbili nikaacha kuandika kabisa. Ukweli ni kwamba taimshiti za miezi mitatu iliyopita nimezijaza mwisho wa mwezi kwa kukisia. Nifanyeje ili saa zipatikane na daftari langu lisife?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umesema waziwazi jambo ambalo wengi wanaokuja kwenye mafunzo yangu husema wakati wa chai tu, tena wakishahakikisha kwamba meneja fedha hayuko karibu. Nilikuwa mhasibu wa miradi kwa miaka mingi kabla sijaanza kufundisha, na ninajua kinachotokea kila tarehe 28: ofisi nzima inageuka kuwa chama cha watunzi wa hadithi.

Ushauri wangu ni kwamba usiwe na madaftari mawili, na hilo ulilonalo usiligawe. Endelea kuiandika siku kama ulivyozoea, ila kila unapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, anza mstari mpya kwa saa na alama ya mradi. Taimshiti itachotwa humo baadaye. Haya mengine yote ninayokuandikia ni maelezo ya namna ya kulifanya jambo hilo dogo bila kulichoka.

Tuanze na njia zako mbili zilizokufa, maana hazikufa kwa uvivu wako. Programu ya kupima muda inakudai vitendo viwili kwa kila kazi, kuwasha na kuzima. Siku yenye kazi kumi inakudai mara ishirini, na vitendo vyote hivyo vinaangukia pale pale ambapo akili yako imeshahamia kwingine. Mratibu amepiga simu anataka jedwali, nawe umeshaanza kulitafuta. Nani atakumbuka kuzima saa ya visima? Ukisahau, programu yenyewe haijui kwamba umesahau. Inaandika saa 9, dakika 14 na sekunde 37, na mtu akiona sekunde hizo anaamini. Mimi naogopa zaidi kosa lililoandikwa kwa sekunde kuliko kadirio lililoandikwa kwa robo saa.

Daftari la kurasa kwa kazi lilikufa kwa ugonjwa mwingine. Kabla hujaandika sentensi moja, lilikulazimisha uamue ni ya ukurasa upi. Simu ya diwani iliyogusa visima na vikundi kwa pamoja haina ukurasa wake, kwa hiyo unaiahirisha, na kilichoahirishwa hakiandikwi. Jioni ukitaka kujua leo ulifanya nini, siku yako imetawanyika kurasa sita.

Nenda kamtazame mlinzi wa getini kwenu. Daftari lake la matukio lina saa pembeni na tukio mbele yake: gari limeingia, mgeni ametoka, umeme umekatika, jenereta limewashwa. Hana ukurasa wa magari na ukurasa wa umeme. Lakini ukitaka kujua jenereta lilinguruma saa ngapi mwezi huu, unakaa na daftari lake, unahesabu, unapata. Manahodha nao wana batli yao, yaani daftari la safari ya chombo, inayokwenda kwa mtindo huo huo. Kuandika kunafuata saa, kuhesabu kunafuata aina ya jambo. Wewe ulikuwa unajaribu kufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja, katikati ya kazi, na ndiyo maana ulishindwa.

Sasa ukurasa wenyewe. Chora mstari wa wima karibu na ukingo wa kushoto, uache nafasi ya vidole viwili hivi. Kushoto kwake ni saa na alama, kulia ni maneno yako. Unaandika unapoanza kazi, wala huandiki unapoimaliza, kwa sababu mwanzo wa kazi inayofuata ndio mwisho wa iliyotangulia. Kwa hiyo kila badiliko linakugharimu kuandika saa mara moja tu badala ya mara mbili. Siku ya mfano, niliyoitunga kwa kukisia kazi zako, ingeonekana hivi (MJ ni maji, LS ni lishe, VK ni vikundi, OF ni kazi za ofisi kwa jumla):

2:10 MJ – Nasafisha data za visima vya Sengerema. Fomu 14 hazina jina la kijiji, zote za mkusanyaji mmoja.
3:00 OF – Kikao cha Jumatatu. Gari halipatikani Alhamisi.
4:15 LS – Simu ya mratibu, anataka jedwali la Ilemela leo.
4:25 MJ – Narudi kwenye visima. Nimempata mkusanyaji, ataleta majina kesho.
6:30 – Chakula.
7:30 LS – Jedwali la Ilemela. Takwimu za kliniki mbili hazilingani; nimeziacha wazi na kumwandikia mratibu.
9:45 VK – Ripoti ya vikundi vya Magu. Nimefika ukurasa wa 6.
10:50 – Natoka. Kesho naanza na Magu, ukurasa wa 7.

Hesabu yake ni ya dakika tano. Maji yamekula dakika 50 asubuhi, kisha saa 2 na dakika 5. Jumla saa 2 na dakika 55. Ofisi saa 1 na robo. Lishe dakika 10 za simu na saa 2 na robo za jedwali, yaani saa 2 na dakika 25. Vikundi saa 1 na dakika 5. Jumlisha yote upate saa 7 na dakika 40, kisha uihakikishe kwa njia ya pili: kutoka 2:10 hadi chakula ni saa 4 na dakika 20, kutoka 7:30 hadi kutoka kazini ni saa 3 na dakika 20. Zikilingana, umemaliza. Zisipolingana, kuna mstari umeuruka, na ni rahisi kuupata leo kuliko tarehe 28.

Umeona saa nilizoandika ni zetu, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Vijana wengi ofisini wanaona aibu kuandika saa za Kiswahili kwenye kitu cha kikazi, ila kwa daftari la mchana saa zetu zina faida ambayo watu hawaisemi. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni namba zinapanda tu, hazirudi nyuma. Anayeandika kwa mzunguko wa Kizungu wa saa 12 anagonga ukuta baada ya adhuhuri: 12:50 inafuatwa na 1:10, naye inabidi asimame kufikiri kabla ya kutoa moja kwenye nyingine. Ukuta wetu uko saa moja usiku, wakati wengi wetu tumeshafika nyumbani. Ukilazimika kufanya kazi usiku, chora mstari wa mlalo halafu uanze upya chini yake. Jambo moja tu: usichanganye. Ukurasa wenye 3:00 yenye maana ya saa tatu asubuhi na 2:00 uliyoinakili kutoka kwenye mwaliko wa kikao, ambayo kwetu ni saa nane mchana, utakupotezea jioni nzima. Na ukihamishia kwenye kompyuta, tumia mtindo wa saa 24 kwa kuongeza sita: saa 3 asubuhi ni 09:00, saa 10 jioni ni 16:00.

Alama ziwe chache. Nimekupa nne, pamoja na mstari mtupu kwa muda usio wa kazi. Ongeza LK kwa likizo na sikukuu, basi. Alama inajibu swali moja, nani analipia saa hii, na haijibu unafanya nini, kwa sababu hilo limeandikwa kwa maneno mbele yake. Nimewahi kuona ofisi iliyotengeneza alama 43. Kila mtu alikuwa na karatasi ya alama ukutani, na kila mtu alitumia tano zile zile alizozikumbuka.

Alama itakayokusumbua ni OF. Kikao cha wafanyakazi, barua pepe za jumla, mafunzo ya usalama, saa mbili za kutafuta mtandao: hizo hazina mradi mmoja. Kishawishi ni kuzigawa mwenyewe kichwani, theluthi huku na theluthi kule. Usifanye hivyo. Ziandike OF kama zilivyo, kisha muulize meneja fedha, kwa maandishi, shirika lina utaratibu gani wa kugawa gharama za pamoja. Huo ni uamuzi wake, na anapaswa kuwa nao tayari. Safari zifuate kilichokupeleka. Ukienda Sengerema kwa ajili ya visima, mwendo wote ni MJ, kwenda na kurudi. Ukipitia na kikundi cha akina mama kwa sababu kiko njiani, saa ya kikao ni VK lakini barabara inabaki ya MJ. Zamani safari hiyo ilikuwa na kisa chake cha kusubiri kivuko cha Kigongo, na watu walibishana nani alipie muda wa foleni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ubishi huo umekufa wenyewe.

Bosi wako anayetaka kujua muda wa kila kazi ni jambo tofauti kabisa na la meneja fedha, na hapa maoni yangu huenda asiyapende. Kupima kila kazi, kila siku, kwa mwaka mzima, ni kukusanya data isiyosomwa na mtu. Wewe ni mtu wa ufuatiliaji na tathmini, unalijua hilo kuliko mimi: kiashiria kisicho na swali nyuma yake ni mzigo. Mwombe akupe swali. Anataka kujua kama ripoti ya robo mwaka inahitaji wiki moja au mbili? Kama kusafisha data kunakula muda kuliko kuikusanya? Chagueni kazi moja kwa mwezi. Kila mstari unaohusu kazi hiyo unauwekea nyota pembeni, na mwisho wa mwezi unajumlisha nyota peke yake. Mwezi ujao nyota inahamia kazi nyingine. Baada ya nusu mwaka atakuwa na majibu sita ya kweli, badala ya jedwali la safu 30 ambalo hata aliyelijaza haliamini.

Kuhusu vikatizo, weka kipimo cha robo saa na usikihurumie. Mtu amekuja kuuliza neno la siri la mtandao, dakika nne, usiandike. Simu ya dakika 10 ya mratibu nimeiandika kwenye mfano kwa sababu ilibadilisha siku nzima, na sababu hiyo ni ya shajara kuliko ya saa. Mawakili katika nchi nyingi hutoza kwa vipande vya dakika 6, sehemu moja ya kumi ya saa, kwa sababu mteja analipia kila kipande. Wewe hakuna anayekulipa kwa dakika 6. Robo saa inatosha, na kwa miradi mingi hata nusu saa inatosha. Siku yetu ya mfano ikikadiriwa kwa robo saa inakuwa maji 3, ofisi 1.25, lishe 2.5 na vikundi 1, jumla 7.75, karibu kabisa na ile halisi.

Utasahau pia. Usiache pengo kwa hasira ya kuharibu ukurasa. Ukikumbuka saa sita kwamba hujaandika tangu saa tatu, fungua simu yako: orodha ya simu ulizopiga, saa ya barua pepe uliyotuma, saa ambayo faili lilihifadhiwa mara ya mwisho. Mashahidi hao watatu wataijenga upya asubuhi yako kwa dakika mbili. Weka kialama ~ mbele ya saa ulizokadiria, mtu ajue kwamba ni kadirio. Ukweli wa daftari haupungui kwa hilo, unaongezeka. Ila hilo linafaa kwa siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Zikipita siku mbili au tatu, usijifanye unakumbuka saa. Andika tu “asubuhi MJ, mchana LS”.

Nakuja kwenye hofu yako ya kweli, kwamba daftari litakufa. Linaweza kufa, tena kwa njia ambayo hutaigundua. Alama zikishaingia, sentensi huanza kukauka. Badala ya “Fomu 14 hazina jina la kijiji, zote za mkusanyaji mmoja” utajikuta unaandika “Kusafisha data”. Hilo la pili ni jina la kazi. Anayelihitaji ni mhasibu. Miezi mitano baadaye mtu akiuliza kwa nini kuna vijiji viwili visivyo na takwimu, “kusafisha data” halitakusaidia lolote. Kila mstari uwe na kitu ulichokikuta, ulichokiamua au ulichokwama nacho. Kama hakuna, andika saa na alama peke yake uende zako. Si kila mstari unastahili sentensi. Na ukiwa na jambo refu la kuandika, tuseme namna mzee wa kijiji alivyokueleza kwa nini kisima kipya hakitumiki, liandike chini kwa urefu wote unaoutaka, bila saa, mpaka liishe. Safu ya kushoto itakusubiri. Hapo ndipo miaka minne yako ya kuandika bila utaratibu inapaswa kubaki bila utaratibu.

Mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mwisho wa siku: nimeishia wapi, kesho naanzia wapi. Ukiuandika, utaingia ofisini kesho yake na kuanza kazi kabla ya chai.

Wengine watakuuliza kwa nini huandiki kwenye kompyuta. Andika ukitaka, kanuni hazibadiliki. Njia nyepesi kuliko zote kwa mtu anayezunguka vijijini ni WhatsApp: jitumie ujumbe mwenyewe kila unapobadilisha kazi, “LS jedwali la Ilemela”, na saa inajiandika. Mwisho wa wiki mazungumzo hayo unaweza kuyahamisha yote yakawa faili la maandishi lenye tarehe na saa. Kwenye Windows, programu ya Notepad ina hila ya zamani: faili likianza kwa neno .LOG kwenye mstari wa kwanza, kila ukilifungua linaongeza tarehe na saa chini yake. Ukiwa ndani yake, kitufe cha F5 kinafanya hivyo hivyo. Kwenye Excel, bonyeza Ctrl, Shift na nukta-mkato kwa pamoja upate saa ya sasa. Ila angalia, WhatsApp na daftari vyote viwili si mahali pa kuandika jina la mtoto mwenye utapiamlo wala la mama yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwapo, daftari husahaulika kwenye daladala.

Ukitumia Excel kwa kujumlisha, mitego ni miwili na nimeikuta kila ninapofundisha. Wa kwanza, saa 1 na dakika 20 si 1.20. Ni 1.33, kwa kuwa dakika 20 ni theluthi ya saa. Nimeona taimshiti za mwaka mzima zilizojumlishwa kwa 1.20, 2.45 na 0.50 ikimaanisha dakika hamsini, na hakuna aliyeshtuka. Wa pili, ukijumlisha saa za mwezi Excel ikakupa saa 7, usilie. Imezunguka kila ilipofika 24. Badilisha umbo la kisanduku liwe [h]:mm, jumla halisi itatokea. Kupata saa za mradi mmoja, kama alama ziko safu ya C na muda uko safu ya E, fomula ni =SUMIF(C:C,"MJ",E:E), na ukizidisha kwa 24 unapata desimali za kupeleka kwa meneja fedha.

Kama ofisini kwenu kuna kijana wa kompyuta, atakupendekezea Org, zana ya kupanga kazi na kumbukumbu ndani ya Emacs (programu ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta), iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa elimu ya nyota anayefanya kazi Uholanzi. Ni kitu kizuri sana, na nimekitumia. Cha kuchekesha ni kwamba mvutano wako uko humo humo. Saa ya Org hujiandika chini ya kichwa cha kazi, na shajara yake hupangwa chini ya tarehe. Ukifuata kazi siku inatawanyika, ukifuata siku kazi zinatawanyika. Wanaokaa nayo kwa amani ni wale wanaoandika kwa tarehe, wakaweka lebo ya mradi kwenye kila kichwa, kisha wakaiachia mashine ikusanye saa kwa lebo. Yaani wanafanya kile kile cha kaunta buku lako.

Mbona meneja fedha wako amekaza kamba ghafla? Sijui mfadhili wenu ni nani, lakini kama kuna fedha za serikali ya Marekani ndani yake, kanuni yao namba 2 CFR 200.430 inataka mishahara inayotozwa kwa mradi itegemee kumbukumbu za kazi iliyofanyika kweli, na inasema wazi kwamba makadirio ya bajeti peke yake hayatoshi kuwa ushahidi. Wafadhili wengine wana maneno yao, ila mwelekeo haupishani sana. Kinachowakamata watu ni kile nilichofanya mimi mwenyewe nikiwa kijana, katika shirika ambalo sitalitaja: taimshiti zangu zilitoka asilimia 40, 35 na 25 kila mwezi, kama zilivyokuwa kwenye bajeti, bila kuyumba hata nukta. Mkaguzi alizipanga sita mezani, akazitazama, akaniuliza kwa upole sana tarehe 7 Julai nilifanya kazi gani kwa saa nne kwenye mradi wa pili. Ilikuwa Saba Saba. Ofisi ilikuwa imefungwa na mimi nilikuwa kwenye maonyesho nakula mishikaki.

Kumbukumbu hiyo inatakiwa ibebe muda wako wote, pamoja na ule unaozidi. Ukifanya kazi saa 10 na taimshiti ina nafasi ya 8, usikate mbili za mradi usioupenda, uliza zinaandikwaje. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, muda wa kawaida haupaswi kuzidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zina ukomo wa 50 ndani ya wiki nne na malipo yasiyopungua mara moja na nusu. Kuna wakuu wasioguswa na vifungu hivyo, lakini kabla hujaambiwa kwamba wewe ni mmoja wao, ni vizuri uwe na daftari linaloonyesha ulitoka saa ngapi.

Daftari lenyewe usilikabidhi. Unachopeleka ni jumla za siku kwa mradi. Hata hivyo, mkaguzi anaweza siku moja kuomba kuona zilikotoka, kwa hiyo unachofikiria kuhusu bosi wako kiandike mahali pengine.

Imebaki ile miezi mitatu. Usiichukue kimyakimya ukaiandika upya iwe nzuri. Hapo utakuwa umetoka kwenye uzembe ukaingia kwenye jambo baya zaidi. Una kaunta buku la siku hizo, ingawa halina saa. Una ripoti za safari, kalenda, barua pepe ulizotuma. Pitia siku moja moja na uandike unachoweza kukithibitisha, nusu siku kwa nusu siku. Kisichothibitika kiache wazi. Kisha nenda kwa meneja fedha kabla hajakuita yeye, mweleze kwamba zile za mwanzo zilijazwa kwa makadirio na hizi ni marekebisho, na uambatanishe vielelezo. Atakunja uso. Lakini kurekebisha hesabu katikati ya mwaka ni kazi ya kawaida kwake. Kueleza hesabu mbovu mbele ya mkaguzi si kazi ya kawaida. Za zamani zibaki kwenye faili kama zilivyo. Na kwenye karatasi za marekebisho, mahali pa saini, andika tarehe ya siku utakayosaini kweli, hata kama saa zilizomo ni za miezi mitatu iliyopita.